Kidonda cha Uso Kisichopona: Kungoja Si Subira

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akampa uso ili ajulikane kwao, na akili ili ajue kheri yake na shari yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad S.A.W., na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu tumeulizwa suala moja na watu mbalimbali, na kwa kuwa jambo lenyewe ni la uhai na mauti, tumeona haifai jawabu lake likabaki barazani. Suala lenyewe ni hili: Mtu ametokwa na kidonda usoni, kikakaa miezi bila kupona, kisha ikathibitika kwa madaktari kuwa ni kansa ya ngozi, nayo imekwisha kuingia ndani. Madaktari wasema hapana budi akatwe sehemu ya pua, au sikio, au atolewe jicho, la sivyo yatamuua. Jamaa zake wamegawanyika. Wako wasemao akubali, na wako wasemao asubiri na kumwachia Mungu, kwani kukatwa uso ni kugeuza umbo alilopewa. Je, sharia yasemaje?

Jawabu letu kwa ufupi ni kwamba ampasa kujitibu, na ampasa afanye haraka. Na yule amzuiaye, akiwa baba au mume au mwalimu, ajue kwamba amechukua dhamana kubwa mbele ya Mola wake. Ama kwa urefu, twaomba msomaji atuvumilie, kwani hukumu ya jambo haifahamiki vyema mpaka jambo lenyewe lijulikane.

Maradhi haya Waarabu waliyaita saratani, na maana ya neno hilo ni kaa, huyu huyu wa pwani tumjuaye. Wayunani wa kale nao waliyaita kwa jina la mnyama huyo huyo. Na kila aliyemwona kaa akijichimbia mchangani hatastaajabu kwa nini walichagua jina hilo. Kansa za ngozi zina namna nyingi, lakini mbili ndizo zinazotuhusu hapa. Ya kwanza huanzia katika chembe za chini za tabaka la juu la ngozi. Hii huenda polepole, na ni nadra kusafiri hadi viungo vya mbali, walakini ikiachwa hula nyama na mfupa pale pale ilipo. Mwaka 1827 tabibu mmoja wa Dublin, Arthur Jacob, aliandika habari za vidonda vya namna hii vinavyokula kope na uso. Ya pili huanzia katika chembe zilizo juu zaidi ya hizo. Hii ni kali kuliko ya kwanza, kwani haitosheki na kula ilipo, bali yaweza kuhamia katika tezi za shingo, na kutoka huko mpaka mapafuni. Iko na ya tatu, iitwayo melanoma, ambayo kwa watu weusi hutokea zaidi nyayoni. Hiyo siyo tuliyoikusudia leo.

Sababu kubwa ya hizi kansa mbili za uso ni jua. Mwenyezi Mungu amewawekea watu wengi wa nchi zetu rangi katika ngozi, nayo ni kinga mfano wa paa la makuti. Mwenye ualbino hakupewa kinga hiyo. Hawa ndio watu waliozoeleka kuitwa zeruzeru, jina ambalo wengi wao hawalipendi, na ni adabu ya Uislamu kutomwita mtu kwa jina linalomuudhi. Nao si wachache kati yetu. Nchini Tanzania imekadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 1,400 hivi anao ualbino. Ualbino si laana, wala si ushahidi juu ya mama kwamba alitoka nje ya ndoa yake. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama pamoja, hata kama wao wenyewe ni weusi. Kwa watu hawa kansa ya ngozi huja mapema, wakati mwingine katika ujana, na hutokea zaidi kichwani na shingoni, kwa kuwa huko ndiko jua linakopiga.

Lakini asidhani mtu mweusi kwamba yeye amesalimika kabisa. Kansa ile kali yaweza kuota juu ya kovu la zamani la moto, au katika donda ndugu lililokaa miaka mingi. Jambo hili lajulikana kwa matabibu tangu karne ya kumi na tisa, na donda la namna hiyo hadi leo huitwa kwa jina la Marjolin, tabibu wa Kifaransa aliyeandika habari zake mwaka 1828. Na wenye virusi vya Ukimwi nao wamo katika hatari zaidi, hasa ya kansa inayoanzia juu ya mboni ya jicho, katika ule utando wake mweupe.

Sasa tazameni jinsi maradhi haya yanavyoingia ndani. Huanza kwa kipele, au gamba gumu lisilobanduka, au kidonda kidogo kinachotoa damu, kikakauka, kisha kikatoa damu tena. Chini ya ngozi pana mafuta, chini ya mafuta pana nyama, kisha gegedu la pua na la sikio, kisha mfupa. Kansa ikipita tabaka la mafuta, hatari yake huzidi sana. Vilevile huzidi ikiwa kidonda kimepita upana wa sentimita 2, au kikiwa juu ya mdomo au sikio, au kikiwa kilikwisha kukatwa kisha kikarudi. Tena iko njia nyingine iliyofichika zaidi. Katika uso pana mishipa ya fahamu, mmojawapo ukitokea katika tundu la mfupa chini ya jicho, nayo yote yaelekea ndani ya kichwa. Kansa hushika njia ya mshipa huo kama mwizi ashikaye uchochoro. Dalili zake ni kuhisi kama siafu watembea chini ya ngozi, kisha ganzi, kisha mdomo kupinda au kope kushindwa kufumba. Ikifika katika tundu la jicho, mtu huona kitu kimoja kuwa viwili. Na ikihamia katika tezi, huonekana uvimbe mbele ya sikio au shingoni. Huenda kidonda kwa nje kikawa kadiri ya shilingi, ilhali mizizi yake imekwisha kufika mbali.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kutoyajua kumeua watu. Tulimjua kijana mmoja mwenye ualbino, muuza madafu kando ya barabara, aliyetokwa na kidonda chini ya jicho la kushoto. Mapema kabisa aliambiwa na daktari aende akapimwe. Wakubwa zake wakasema ni jicho la hasidi. Akapelekwa kwa mganga, akafungwa hirizi, na kidonda kikapakwa dawa ya kuunguza. Kikafanya gamba juu, watu wakashukuru. Baada ya miezi shavu lake likaingia ganzi, maumivu yakamwondoka, na mganga akasema hiyo ndiyo dalili ya kupona. Kumbe maumivu yaliondoka kwa kuwa mshipa wa fahamu ulikuwa umekwisha kuliwa. Alipoanza kuona taa mbili palipo na taa moja ndipo alipopelekwa hospitali, na wakati huo kansa ilikuwa imeingia katika tundu la jicho na mfupa nyuma yake. Hakumaliza mwaka. Mungu amrehemu. Matangani tuliwasikia watu wakisema, siku zake zilikuwa zimetimia.

Ndiyo, siku zake zilitimia, na hakuna Muislamu abishaye hilo. Walakini suala tutakaloulizwa sisi si kwamba siku zake zilitimia au hazikutimia. Tutaulizwa tulifanya nini na zile siku alizokuwa nazo. Nyumba ambayo mchwa wala boriti zake haitengenezwi kwa kupaka ukuta chokaa, na mwenye nyumba aliyeambiwa habari za mchwa akanunua chokaa, dari likimwangukia mwanawe, hawezi kusema ni kadari, kisha akanyamaza.

Katika kungoja huku tumeona watu wakijikinga kwa hoja tatu, nasi tutazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni subira na kutawakali. Wasema mgonjwa asubiri, Mungu ndiye mponyaji. Na sisi twasema Mungu ndiye mponyaji, hakuna mwingine, na Yeye ndiye aliyeumba dawa kama alivyoumba maradhi. Mtume S.A.W. alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na yeye mwenyewe alimpeleka tabibu kwa Ubayy bin Kaab, akamkata mshipa na kumchoma kwa moto. Je, yuko miongoni mwetu mwenye kutawakali zaidi ya Mtume? Na Sayyidna Umar R.A. alipoacha kuingia nchi ya Sham kwa sababu ya tauni, Abu Ubaida alimuuliza kama yuaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba aikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari nyingine ya Mungu. Basi kidonda ni kadari, na daktari ni kadari. Subira ya kweli ni kuvumilia uchungu wa kisu na urefu wa safari ya matibabu. Ama kukaa kitako mpaka uso uliwe, hiyo si subira, na wenyeji wetu wa kale walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hoja ya pili ni uchawi na jicho. Hatusemi kwamba husuda haina athari. Lakini ni nani aliyewafundisha hawa waganga kwamba kila kidonda ni husuda? Kumsomea mgonjwa Kurani na kumwombea dua ni jambo jema, na lafanyika njiani kwenda hospitali kama linavyofanyika nyumbani. Hirizi ni jambo jingine. Mtume S.A.W. amelihesabu tendo la kuivaa kuwa katika ushirikina, na mwenye kuivaa kwa kuponya kidonda amepata hasara mbili, ya dini na ya mwili. Tena yatupasa kukumbuka kwamba Mtume S.A.W. amemfanya mwenye kutibu watu bila kujulikana kwa elimu ya utabibu kuwa ni mdhamini wa madhara anayoyaleta. Basi huyu anayempaka mtu dawa ya kuunguza usoni, naye hajui kilicho chini ya ngozi, asidhani kwamba ameepukana na dhima kwa kuwa alisema bismillahi.

Na iko aibu kubwa zaidi ya hiyo. Waganga hawa hawa, au walio mfano wao, ndio waliosababisha kuuawa na kukatwa viungo kwa watu wenye ualbino nchini Tanzania na nchi za jirani, mauaji yaliyoanza kusikika sana katika miaka ya 2000. Wanayemuua kwa kutafuta mali, na wanayemdanganya kwa kutafuta dawa, ni mtu yule yule. Je, huyo ndiye tumpelekee mtoto wetu?

Hoja ya tatu ni kugeuza umbo la Mungu. Hoja hii yaonekana ya kidini zaidi, kwa hiyo twaijibu kwa maneno ya wanazuoni. Kugeuza umbo kulikokatazwa ni kule kwa kutaka mapambo na kujifaharisha. Ama kukata kiungo kilichooza ili kuokoa uhai, Imamu Izzuddin bin Abdis-Salam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, amekueleza katika habari za maslahi na madhara, kwamba mkono ulioliwa na maradhi hukatwa kwa kuhifadhi roho. Amesema pia kwamba utabibu, kama sharia, umewekwa kwa kuleta maslahi ya salama na afya na kuondoa madhara ya maangamizi na maradhi. Na Urwa bin Zubair, mwana wa Asmaa binti Abubakar, mmoja katika wanazuoni wakubwa wa Madina, alipatwa na maradhi ya kula mguuni akiwa safarini kwenda kwa khalifa Walid. Matabibu wakamwambia usipokatwa utapanda juu. Akakubali, mguu ukakatwa kwa msumeno, akamshukuru Mola wake kwamba amemchukulia kiungo kimoja na kumwachia vitatu. Urwa alikataa kupewa kitu cha kumwondolea akili. Hilo lisimtie mtu taabuni, kwani dawa ya usingizi ya madaktari hutumika kwa haja, na wanazuoni wameiruhusu.

Ama mwenye kuhofia kwamba atabaki na uso wenye kasoro, na aisikie habari ya Arfaja bin Asaad R.A. Sahaba huyu alikatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu, akajiwekea pua ya fedha. Pua ile ikanuka. Mtume S.A.W. akamwamrisha ajiwekee pua ya dhahabu. Zingatieni, ndugu zetu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume wa umma huu. Lakini uso wa mtu huyu, na heshima yake mbele za watu, vilikuwa na uzito hata akaamrishwa kutumia kilichoharamishwa kwa wengine. Leo madaktari huchukua ngozi au nyama mahali pengine mwilini wakaziba palipokatwa, na wako mafundi wa kutengeneza pua na sikio na jicho la bandia. Dini yetu ilikwisha kuufungua mlango huo kabla yao.

Ama hukumu ya kujitibu, asili yake katika madhehebu yetu ni sunna. Lakini wanazuoni wameeleza kwamba huwa wajibu pale ambapo kuacha ni kuangamia na manufaa ya tiba yajulikana. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1992, liliamua kwamba kujitibu ni wajibu ikiwa kuacha kutapelekea kupotea kwa nafsi, au kiungo, au kumfanya mtu awe hajiwezi. Na kansa hii ikikamatwa ingali ndogo, zaidi ya watu tisa katika kila kumi hupona kwa kukatwa. Ni manufaa gani yaliyo dhahiri zaidi ya hayo?

Na jambo hili la kuwahi si la Wazungu peke yao. Abulqasim Zahrawi wa Kordoba, tabibu wa Kiislamu aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kwamba saratani ikiwa ingali changa na ndogo, na ikiwa mahali inapoweza kuondolewa yote, hukatwa yote. Ama ikiwa imekaa na kuwa kubwa, aliona afadhali isiguswe, akakiri kwamba yeye hakupata kumponya hata mmoja wa namna hiyo, wala hakumwona mwingine aliyeweza. Miaka elfu imepita, na visu vimekuwa bora, na pana mionzi, na pana dawa za kuamsha kinga ya mwili. Mojawapo, semiplimabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa kansa kali ya ngozi iliyokwisha kuenea. Dawa hizo ni ghali mno kwa watu wetu. Kwa hiyo kwa maskini wa mji wetu neno la Zahrawi lingali ni neno la leo: lililo dogo hukatwa, na kubwa laweza kumshinda tabibu.

Liko jambo la wanawake, nalo twalisema waziwazi. Tumesikia habari za mama aliyekificha kidonda chini ya ushungi, na mume asemaye hatakubali mkewe atazamwe uso na daktari mwanamume. Fiqhi yetu yasema kwamba akipatikana daktari mwanamke ndiye wa kwanza. Asipopatikana, yaruhusiwa kwa mwanamume kutazama na kugusa kwa kadiri ya haja, akiwapo mahramu au mume. Basi mume na aandamane naye, asimzuie. Sitara imewekwa kwa kumhifadhi mwanamke, haikuwekwa kuwa sanda yake. Na wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Wengine huogopa kwamba bandeji ya uso itawaharibia udhu na sala. Mwenye bandeji huosha palipo pazima, akapangusa kwa maji juu ya bandeji, na akatayamamu. Asiyeweza kuguswa na maji kabisa hutayamamu. Zamani za Mtume S.A.W. mtu mmoja alipasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akaamka na janaba. Wenziwe wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume alikasirika, akasema kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba wangeuliza, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza. Hilo ni onyo kwetu sisi tunaovaa vilemba kabla ya kuwa onyo kwa mtu mwingine yeyote. Mwalimu akiulizwa juu ya kidonda asichokijua, fatwa yake ni moja: nenda kwa daktari.

Na kabla ya tiba ni kinga. Enyi walimu wa vyuo na madrasa, mtoto mwenye ualbino asikalishwe uani juani, wala asivuliwe kofia yake kwa kuwa wenziwe hawakuvaa. Avae kofia yenye ukingo mpana, na mikono mirefu, akae kivulini hasa tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na apakwe mafuta ya kukinga jua usoni, masikioni na shingoni. Akalishwe mbele pia, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali. Serikali ya Kenya, kwa mkono wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, imekuwa ikigawa mafuta hayo bila malipo kwa waliojiandikisha. Basi mzazi na amwandikishe mwanawe, na anayejua amwambie asiyejua. Na katika sala ya Idi uwanjani, apewe nafasi penye kivuli. Mtume S.A.W. alimwona mtu amesimama juani, akauliza habari zake. Akaambiwa huyo ni Abu Israil, ameweka nadhiri asimame wala asikae, asijitie kivulini, asiseme, na afunge. Akaamuru aambiwe aseme, akae, ajitie kivulini, na aitimize saumu yake. Basi ikiwa aliyejitakia jua kwa ibada aliamrishwa kivuli, itakuwaje kwa mtoto ambaye jua lamla?

Kwa kumalizia twasema hivi. Kidonda chochote cha uso kisichopona kwa majuma manne, au gamba linalotoa damu na kurudi, au uvimbe unaokua juu ya kovu la zamani, kisipakwe kitu. Mgonjwa na aende hospitali, akatwe kinyama kidogo kipimwe chini ya hadubini. Huo ndio ushahidi. Hukumu ya macho haitoshi, ya mganga wala ya daktari. Akiambiwa si kansa, amshukuru Mungu. Akiambiwa ndiyo, asirudi nyumbani kushauriana mwaka mzima. Kila msikiti na uwe na watu wawili watatu wanaojua njia ya hospitali, watakaofuatana na mgonjwa asiye na mtu. Na wenye kutoa zaka wajue kwamba fakiri aliyeshindwa na nauli na gharama ya matibabu ni katika wale wanaostahiki.

Na yule ambaye maradhi yamekwisha kumfikisha mbali, asifichwe chumba cha nyuma. Aoshwe kidonda chake, apewe dawa ya maumivu, kwani hiyo nayo ni tiba, akae na watu, apewe mkono, asomewe, asikilizwe. Uso wake ukiliwa wote, yeye ni yule yule aliyesimama nasi safuni, na haki zake juu yetu hazikupungua hata moja.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.